Kabla Mate Hayajakauka

Daktari alikuwa kijana mpole, na alituchagulia maneno kama mtu anayechagua maharagwe mabovu kwenye ungo. Alisema mionzi haitamponya baba yangu. Itampunguzia. Itazuia damu iliyokuwa ikimtoka shavuni, itatuliza maumivu, na Mungu akipenda itampa nafasi ya kumeza uji. Nikamuuliza, "Itapunguza, halafu?" Akaanza kupanga karatasi zake. Mimi nina hasira za karibu, na watu wa Kinoru wanaoniletea sare za shule niwashonee wanajua hivyo. Siku hiyo nilitaka kumrukia yule kijana. Yaani tutoke Meru mpaka Nairobi, kwa kuwa kwetu hakukuwa na mashine, na mzee ambaye hata kukaa wima ni shida, ili apunguziwe? Baba aliweka mkono juu ya goti langu, akasema kwa ile sauti iliyokuwa imembakia, nzito kama ya mtu anayeongea huku anatafuna, "Wachana na daktari. Muulize ni lini."

Kidonda kilianza chini ya ulimi, kidogo tu, na baba akalaumu jino. Jino likang'olewa, kidonda kikaendelea. Akasukutua maji ya chumvi, akachemshiwa mizizi, akanunua dawa katika kila duka la dawa la kwetu Kangeta. Kwa kuwa alikuwa mtu wa sigara na miraa tangu ujana wake, kila aliyemtembelea alikuja na maelezo yake. Tulipofika hospitali uvimbe ulikuwa umeshuka shingoni na shavu limeanza kutoboka. Mate yalimtoka mchana kutwa. Hakuweza kuyameza wala kuyazuia. Nilimshonea vitambaa kutokana na mabaki ya sare, bluu ya shule hii na kijani ya shule ile, na kila jioni nilivichemsha kwenye sufuria iliyokuwa ya kazi hiyo tu. Harufu sitaisimulia. Nesi mmoja alinifundisha kusaga vidonge fulani na kunyunyiza unga wake juu ya kidonda, harufu ikapungua, watu wakaanza tena kuketi karibu naye. Sidhani kama nimewahi kumshukuru mtu kama nilivyomshukuru yule nesi.

Lakini Kangeta walikuwa na maelezo mengine, na hayo ndiyo yaliyonipandisha mori. Walisema mdomo wa baba unaoza kwa sababu ya neno alilolisema.

Miaka kadhaa kabla ya hapo ndugu yangu, kitinda mimba wetu, aliokoka. Kuokoka si kosa, hata mimi kanisani naenda. Ila yeye aliokoka na shoka mkononi. Mhubiri wao alisema miraa ni shamba la shetani, na siku baba alipokwenda mjini Maua kumzika rafiki yake, ndugu yangu akaingia shambani akakata miti ya babu. Haikuwa miti hivi hivi. Ilikuwa ile minene, ile ambayo hata babu aliikuta, ile ambayo mzee huizungukia asubuhi kabla hajaonja chai. Kwetu ukimwibia mtu mbuzi mtaelewana. Ile miti, hapana. Baba aliporudi alisimama kati ya visiki, majirani wakiangalia, akasema boma la kijana huyu lisisikie kilio cha mtoto mchanga. Kisha akatema mate chini.

Mama alikuwa ameshafariki, vinginevyo pengine angemziba mdomo. Ndugu yangu alichukua begi lake akashuka Embu, akawa fundi wa mjengo, akaoa msichana mtulivu wa huko. Mimba zilishika, zikaharibika, moja baada ya nyingine. Kila tulipozungumza kwa simu aliniambia, "Dada, mtu aliyeokoka haogopi laana." Alilisema hilo mara nyingi mno kwa mtu asiyeogopa.

Basi mdomo wa baba ulipooza, watu wakasema neno limerudi nyumbani. Mwanamke mmoja alinieleza hivyo ana kwa ana sokoni, huku akibonyeza nyanya za watu. Nilimwambia aende akabonyeze ulimi wake mwenyewe, nikaondoka bila kununua kitu. Kilichoniuma ni kwamba baba naye aliamini. Aliniambia, akisimama kila baada ya maneno mawili kufuta kidevu, "Nililisema na mdomo huu. Nikifa nalo, litamkalia yule kijana. Na mimi litanikalia huko niendako."

Nikamwambia asamehe tu moyoni, Mungu anaona. Akaniangalia kama mteja anayeletewa suruali badala ya sketi. Alikuwa na haki. Kwetu neno la mzazi huondolewa na mzazi mwenyewe. Mtoto huja na asali, hupiga magoti, hufungua kifua, na mzazi humtemea mate kidogo hapo penye mfupa, tff, huku akimtakia mema. Mgeni akiona atadhani ni matusi. Mimi nilitemewa hivyo nilipokwenda kufanya mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, na tena nilipofungua duka langu, na siku hizo zote mbili sikuifuta blauzi. Sijui niseme nini zaidi. Kuna watu wanaobeba picha ya wazazi wao kwenye pochi. Sisi tulibeba mate.

Baba mdogo, yaani ndugu wa baba, alikuja na wazee wawili wa ukoo. Walipomaliza chai alisema, "Huyu mtu asipelekwe kuchomwa. Nimeulizia. Ukichomwa shingo, mate yanakauka. Mwacheni kwanza amalizane na mtoto wake."

"Na damu inayomtoka je?" nikamuuliza.

"Damu imetoka miezi yote hii. Itangojea."

Ala! Nilisimama nikawaambia kama ni damu yao ndiyo ingekuwa inalowesha mto, hakuna ambaye angeongea juu ya kungoja. Lakini ukweli ni kwamba baba mdogo hakuwa mjinga. Daktari alikuwa ametuambia jambo lilo hilo, kwamba mdomo utakauka na huenda usirudi kuwa kama zamani. Hilo la yeye kuwa na ukweli ndilo lililonikasirisha zaidi. Sherehe waliyoitaka ilihitaji kondoo, na wazee kutoka pande zote mbili za ukoo, na zaidi ya yote ilihitaji mtoto aje kwa miguu yake mwenyewe. Mtoto haendewi. Hata baba, na mdomo ule, alikataa kabisa ndugu yangu aitwe kwa niaba yake. "Aje," alisema. "Asiletwe."

Wakabishana mpaka chai ya pili. Baba aliwasikiliza wote, kisha akasema neno moja tu: "Njaa." Alikuwa hajameza kitu cha maana kwa muda mrefu, ni uji wa kijiko, nusu ukirudi kupitia shavuni. Mtu aliyekuwa akiinua gunia la miraa kwa mkono mmoja alikuwa amebaki mabega na macho. Wazee wakachukua kofia zao.

Nilimpigia ndugu yangu simu jioni hiyo. Nikamwambia njoo kesho, kabla hatujaondoka, usingoje kuitwa. Akaniambia shangazi amemweleza kila kitu, kwamba baba anakwenda kwenye mashine na atapona. "Akipona nitakuja, tuketi, tuongee kama wanaume."

Shangazi, dada yake baba, ameolewa Kanja, huko Embu. Ni mtu wa maombi. Alikuwa amewapigia jamaa wote akiwatangazia uponyaji, kwa moyo safi kabisa, maana kwake kusema mgonjwa haponi ni sawa na kumsukuma kaburini. Nikamwambia ndugu yangu, "Haponi. Nilikuwepo daktari akisema. Ni kumpunguzia tu." Kwa ule upole wao wa kanisani akaniambia, "Dada, kiri uzima." Nikakata simu. Haki ya Mungu, angekuwa karibu ningempiga na ndara.

Tukaenda Nairobi. Nilikuwa nimejiandaa kuona moto. Neno kuchomwa lilikuwa limetuingia sote, na usiku nilishaota baba akiingizwa kwenye tanuri. Kumbe kwanza ni kupimwa, kama vile ninavyompima mteja. Walichukua plastiki yenye matundu, wakailoweka kwenye maji moto mpaka ikalegea kama chapati mbichi, wakamlazia usoni mpaka mabegani, wakaibonyeza puani na kidevuni hadi ikashika umbo lake. Ilipopoa ikawa ngumu. Ilikuwa uso wa baba yangu, na ule uvimbe wake, lakini bila macho. Wakaichora kwa kalamu mahali pa kupiga mionzi.

Kila siku, kwa wiki moja, walimvika hiyo na kuifungia kwenye kitanda ili asitikisike. Msichana wa mashine alimwambia, "Mzee, ukisikia vibaya inua mkono, tunakuona kwenye skrini." Halafu sote tukatoka, mlango mzito ukafungwa, akabaki peke yake mle ndani. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nilisimama kwenye korido nikimwangalia kwenye ile skrini yao, mzee mdogo amefungwa uso kitandani, na nikajiuliza kama tunamsaidia au tunamtesa. Mkono haukuinuka hata siku moja.

Alipotoka mara ya kwanza nilimuuliza iliuma vipi. Alifikiri, akasema, "Ni kama kupigwa picha na mtu asiyejua kamera." Nilicheka mpaka nikalia.

Tulikuwa tumepanga chumba karibu na hospitali. Katikati ya wiki ile damu ilianza kupungua. Mwisho wa wiki nilikuwa nakusanya vitambaa nivichemshe, nikavikuta vikavu. Nilifurahi, nikasema asante Yesu, dawa imefanya kazi. Nikavikunja vizuri. Nilikuwa nakunja cha mwisho nilipomkumbuka baba mdogo na neno lake la mate, nikakaa kitandani.

Wakati wa kurudi hatukuweza kufika Meru. Vidonda vya mionzi vilikuwa vimeanza mdomoni, na tulipokaribia kwa shangazi baba alinishika mkono akatikisa kichwa. Nikampigia shangazi simu, tukashukia Kanja. Shangazi ana nyumba ya mabati katikati ya kahawa, kunakaa baridi, na alikuwa ameshatandika kitanda na kuweka maua kwenye chupa. Alimpokea kaka yake kwa wimbo. Aliona kitambaa hakina damu, akainua mikono. "Si nilisema? Mashine imemponya!"

Nilimpa bakuli la uji na kijiko nikamwambia, "Mlishe wewe."

Alimlisha. Baba alifungua mdomo, na shangazi akaona kilichomo, ulimi mwekundu kama nyama mbichi, na utando mweupe, na kule nyuma uvimbe uko pale pale. Uji uligusa ulimi, machozi yakamtoka baba bila yeye kulia. Hata hivyo alimeza. Shangazi aliweka bakuli chini polepole, akaenda nyuma ya nyumba. Nilimfuata nikitaka kumwambia yote niliyokuwa nimeyaweka moyoni tangu Meru, nikamkuta ameshika simu. Alikuwa anaongea na ndugu yangu. Hakuzungumza juu ya uzima wala imani. Alisema, "Mwanangu, nilikuambia vibaya. Njoo na asali."

Niseme jambo hapa nisije nikalipita. Ile mionzi ilifanya kile kile ilichoahidi. Vidonda vilipopoa baba alikunywa uji kikombe kizima, akala ndizi zilizopondwa na supu ya mifupa, akalala bila kugumia. Alirudi Kangeta akakaa kivulini miezi michache, akikosoa namna watu wanavyofunga miraa. Akafa nyumbani, bila ile damu niliyokuwa nikiiogopa. Kupunguza ni neno dogo, na nililidharau. Siku hizi mtu akiniuliza kama ampeleke mzazi wake, namwambia ampeleke, ila kwanza wamalize maneno yao.

Ndugu yangu alikuja Jumapili baada ya ibada. Alikuwa amevaa shati la kanisani, Biblia kwapani, na chupa ya asali ameizungushia gazeti kama mtu anayeficha pombe. Mke wake alikuja naye, akakaa kwenye benchi nje karibu na mlango, mikono mapajani. Baba mdogo alikuwa ameshafika kutoka Kangeta tangu asubuhi. Kondoo hakuwepo, wala wale wazee wengine. Hakuna aliyewataja.

Nilikuwa nimewaza sana watakachosemezana wale wawili. Hawakusemezana. Ndugu yangu alimwona baba kwenye kiti, akasimama pale pale mlangoni kwa muda, maana hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba uso unaweza kuwa hivyo. Halafu akaja, akaweka Biblia mezani, akampa baba mdogo asali, akapiga magoti, akaanza kufungua vifungo. Vidole vyake vya mjengo vilikawia sana kwenye kifungo cha pili.

Baba mdogo alichovya kidole kwenye asali akakigusisha ulimi wa baba. Baba alishtuka mwili mzima. Ilimchoma, nilijua, ningeweza kupiga kelele. Alivumilia, akainama mbele, akakusanya mdomo. Tukasikia sauti kavu, kama mtu anayepuliza vumbi. Kifua cha ndugu yangu kilibaki kikavu. Akajaribu tena. Akajaribu tena, mishipa ya shingo imemsimama, na hakuna kilichotoka.

Baba mdogo alitazama chini. "Mate yamekataa," akasema.

Nje kule mke wa ndugu yangu aliinamisha kichwa. Na ndugu yangu, mtu aliyeokoka, asiyeogopa laana, akaanza kufunga vifungo vyake, kama mtu aliyefukuzwa kazi.

Hapo hasira zikanipanda mpaka utosini. "Hayajakataa!" nilisema. "Yamekaushwa! Mimi ndiye niliyempeleka, mimi ndiye niliyekunja vitambaa. Ni mashine iliyochukua mate, si roho yake! Mnaona mtu anajikamua hivi, halafu mnasema amekataa?" Kuku walikimbia mlangoni. Shangazi akasema, "Mama, pole pole," lakini machozi yalikuwa yanamtiririka.

Baba aliinua mkono. Akaonyesha kikombe cha maji.

"Maji si mate," baba mdogo akasema, bila ukali, kwa huzuni tu, kama mtu anayetaka sana kukosolewa.

"Maji yakishaingia mdomoni mwa mtu," nikamuuliza, "wewe unaweza kuyanywa?"

Nilimshikia baba kikombe. Alichukua maji kidogo, akayaweka mdomoni, akafumba macho. Akayazungusha taratibu juu ya vile vidonda, na nilijua kila mzunguko unamgharimu nini. Ndugu yangu alikuwa ameacha vifungo. Baba akainama mbele tena, akajaribu kutema, lakini midomo haikukutana. Maji yakapitia pale shavu lilipotoboka, yakashuka kidevuni yakiwa mazito, na uzi mwembamba wa damu ndani yake.

Kwa mazoea nikanyoosha kitambaa. Ndugu yangu alinishika mkono.

"Usifute, dada."

Akakinga viganja vyote viwili chini ya kidevu cha baba, yakadondokea humo. Akajipaka kifuani. Akakinga tena, akajipaka usoni, juu ya macho, mdomoni. Baba alifungua macho akamwona amelowa namna ile. Akasema, neno moja moja, na kila mmoja wetu alisikia mpaka kule kwenye benchi, "Mtoto alie. Alie mpaka mkose usingizi. Mpaka mje kwangu mlalamike."

Mke wa ndugu yangu alikuwa amesimama mlangoni, leso mdomoni. Shangazi alikuwa anasema amina, amina. Mimi nililia kwa sauti, sikuona haya. Baba mdogo alisema inatosha sasa, mzee amechoka, arudishwe kitandani. Nikaenda kumwinua. Lakini ndugu yangu alikuwa bado amepiga magoti, amekinga mikono chini ya kidevu cha baba, na maji yalikuwa yamekwisha zamani.